Apu Yako Inajua Kusema Hapana?

Wasee, Kenya hatuhitaji kufundishwa cheti bandia ni nini. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ikasema imepata vyeti bandia 2,067 kwenye ofisi za serikali. Watu walikuwa kazini, wanapokea mshahara, wengine wanaamkiwa "mkubwa" kila asubuhi, na karatasi iliyowaingiza ni ya mtaani.

Mtandaoni kila mtu aliwakasirikia waliobeba zile karatasi. Sawa. Lakini mimi swali langu lilikuwa kwa yule aliyekaa dirishani akazipokea. Karatasi bandia peke yake haina nguvu. Inapata nguvu pale mtu anapoitazama nusu nusu na kusema "haya, ingia."

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina cheti cha kweli wala cha kughushi, huko sina la kujitetea. Ila kuna cheti kingine ambacho simu yako inaonyeshwa mara nyingi kila siku bila wewe kujua. Na kuna apu zinakipokea kama yule ofisa wa dirishani.

Hoja yangu leo ni moja tu. Apu yoyote inayoshika pesa yako au namba yako ya kitambulisho ilishwe vyeti vibovu, vingi, makusudi, kabla haijaruhusiwa kuingia kwenye simu ya mtu. Na sisi wenye simu tuambiwe matokeo.

CHETI GANI HICHO?

Tuseme uko hapa Tezo, umekaa nje ya duka, umefungua apu ya sacco uone akiba yako. Maneno yanatoka kwenye simu, yanapita kwenye waifai au mnara, yanapita kwa watu na mashine usizozijua, mpaka yafike kwa seva ya sacco. Sasa simu itajuaje kwamba anayejibu kule mwisho ni sacco kweli, si kijana mwenye laptopu aliyejiweka katikati?

Inajua kwa cheti. Seva ikiulizwa "wewe nani?" inatoa cheti cha kidijitali. Ndani yake kuna jina la mwenye cheti, jina la aliyekitoa, siku ya kuanza, siku ya kuisha, kazi ambayo cheti kinaruhusiwa kufanya, na saini. Aliyekitoa naye ana cheti chake, kilichotolewa na mwingine aliye juu yake, mpaka mfike kwa wakubwa ambao majina yao yaliwekwa kwenye simu yako tangu mwanzo. Ni mnyororo. Kazi ya simu ni kukagua kila pete ya mnyororo huo, na ikikuta pete moja mbovu, ikate mawasiliano hapohapo.

Sisi watu wa Kilifi haya tunayaelewa vizuri kupitia ardhi. Mtu akikuletea hati ya shamba, huangalii tu kama karatasi inang'aa. Unaangalia jina, namba ya kiwanja, na mhuri. Halafu swali kubwa kuliko yote: huyu aliyetia mhuri ana mamlaka ya kutoa hati? Mzee wa mtaa anaweza kuwa mtu mwema na mhuri wake uwe wa kweli kabisa. Lakini mzee wa mtaa hatoi hati miliki. Ukinunua shamba kwa mhuri wake, umenunua hadithi.

Vyeti vya mtandao viko hivyohivyo. Mtu anaweza kuwa na cheti halali cha tovuti yake ndogo ya kuuza viatu. Hicho hakimpi ruhusa ya kuwatolea wengine vyeti. Programu isiyouliza swali la mamlaka itamkubali muuza viatu akisema "na hii hapa ni benki, nimeithibitisha mimi."

TATIZO LA KUPIMA UPANDE MMOJA

Apu ikitengenezwa, watu huipima kama inafanya kazi. Inafunguka? Inatuma pesa? Inaonyesha salio? Poa, iingie sokoni. Huo wote ni mtihani wa kusema ndiyo.

Sasa chukua askari wa geti umpime kwa wiki nzima kwa kumletea wageni halali peke yao. Atafaulu kwa asilimia mia. Hata ukimtoa askari ukaacha geti wazi, geti wazi nalo litafaulu kwa asilimia mia, maana kila mgeni halali aliingia. Kumjua askari lazima umletee mwizi.

Hili si la kufikirika. Februari 2014 Apple walitoa marekebisho ya haraka ya simu za iPhone. Ndani ya programu inayokagua saini za seva, mstari mmoja wenye maneno "goto fail" ulikuwa umeandikwa mara mbili. Basi. Ule wa pili uliifanya programu iruke ukaguzi wa saini na kutoka ikiwa na jibu la "kila kitu kiko sawa". Kosa lilikaa humo zaidi ya mwaka. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu benki zilifunguka, barua pepe zilifunguka, kila kitu kilifunguka. Hata kile kisichotakiwa kufunguka. Jaribio moja tu la seva yenye saini mbovu lingeliona siku hiyohiyo.

Kampuni yenye pesa zile na wahandisi wale. Haya, niambie kuhusu apu ya mkopo iliyotengenezwa na watu watatu kwa miezi miwili.

WATU WANAOTENGENEZA UBOVU KAMA KAZI

Kuna watu kazi yao ni kubuni vyeti vibovu, na wakati mwingine ubunifu wao unakufanya ucheke.

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa Black Hat kule Las Vegas, Moxie Marlinspike (huyuhuyu aliyekuja kuanzisha Signal) alionyesha mchezo wa herufi moja. Ndani ya jina la cheti aliweka ile alama ya sifuri ambayo programu nyingi huisoma kama "mwisho wa maneno". Upande wa mbele wa alama kuna jina la tovuti kubwa, upande wa nyuma kuna jina la tovuti yako mwenyewe. Mtoa vyeti akisoma, anatazama mwisho wa jina, anaona ni tovuti yako, anakupa cheti bila shida. Brauza ikisoma, inafika kwenye sifuri inasimama, inaona jina la tovuti kubwa peke yake. Cheti kimoja, wasomaji wawili, majina mawili. Ni kama barua ambayo chifu anasoma mstari wa mwisho na karani anasoma mstari wa kwanza, na wote wawili wanaapa wameisoma yote.

Halafu mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzao wakaja na kitu walichokiita frankencerts, kwa jina la Frankenstein, yule wa kwenye hadithi aliyeunda kiumbe kwa vipande vya maiti. Walikusanya vyeti halisi 243,246 kutoka mtandaoni, wakavikatakata, wakaunganisha kichwa cha hiki na miguu ya kile. Wakapata vyeti zaidi ya milioni 8 vya ajabu ajabu. Vyote wakavilisha programu mbalimbali za kukagua vyeti, zile ambazo watengenezaji wa apu duniani kote wanazichukua na kuzitumia.

Lakini utajuaje jibu sahihi la cheti milioni 8? Hakuna mtu wa kukaa avisome. Hapa ndipo akili ilipo. Chukua gunia moja la korosho, lipeleke kwa wanunuzi watatu. Wawili wakisema zimeoza na mmoja akisema ni safi, analipa sasa hivi, hata kama wewe hujui lolote kuhusu korosho, umeshajua hapo kuna mtu hajui kazi yake. Ndivyo walivyofanya. Cheti kilekile, programu tofauti, na popote majibu yalipogongana wakaenda kuchimba. Walipata migongano 208.

Na ndani ya hiyo migongano mlikuwa na mambo mazito. Kwenye programu mbili za kukagua, GnuTLS na MatrixSSL, mtu yeyote mwenye cheti halali cha toleo la kizamani angeweza kujifanya mtoa vyeti na kutoa cheti cha tovuti yoyote duniani. Mzee wa mtaa anatoa hati miliki, na ofisi inampigia saluti. Nyingine zilikosea hata zilipokataa: cheti kikiwa kimeisha muda na tena kimetolewa na mtu asiyejulikana, brauza nyingine zilikuambia tu "muda umeisha". Yaani kina dhambi mbili, wewe unasomewa ile ndogo. Mtu anaona "muda umeisha", anasema aah, wamesahau kulipia, anabonyeza endelea.

NA APU ZA PESA JE?

Hapa ndipo mimi niliamka.

Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Hannover na Marburg, Ujerumani, walichukua apu 13,500 za bure za Android zilizokuwa maarufu. Apu 1,074 zilikuwa na programu ya kukagua vyeti iliyoandikwa kwa namna ya hatari, kwa mfano kukubali cheti chochote, au kukubali cheti cha jina lolote. Kuna apu moja ya kuzuia virusi waliyoidanganya mpaka ikajiona yenyewe ndiyo virusi. Mazee.

Sababu kubwa ni ya kibinadamu kabisa. Mtengenezaji akiwa bado anajenga, seva yake ya majaribio haina cheti halali. Apu inakataa kuunganisha. Amechoka, ni saa saba usiku. Anatafuta mtandaoni, anakuta mtu ameandika "weka mistari hii, itaacha kulalamika." Anaweka. Apu inaacha kulalamika. Miezi mitatu baadaye apu inaingia sokoni na ile mistari bado imo ndani, na haitalalamika tena hata siku ya mwizi.

Kisha mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida waliangalia huduma za pesa kwa simu katika nchi zinazoendelea. Walipitia apu 46 za Android, kisha wakafungua 7 kipande kwa kipande, za nchi kama India, Ufilipino, Indonesia, Thailand na Brazil. Walikuta ukaguzi wa vyeti uliovurugwa, watu waliojitungia njia zao wenyewe za kuficha maneno, na mianya ya mtu kujifanya mteja na kubadilisha miamala. Halafu wakafanya kitu ambacho sisi hatufanyi kamwe: walisoma masharti ya matumizi. Wakakuta mzigo wa hasara umetupiwa mteja.

Rudia kusoma hiyo. Kampuni inashindwa kukagua cheti, na wewe ndiye unayelipa.

Kenya hatukuwa kwenye zile 7. Lakini usishangilie. M-Pesa ilipoanza 2007 tulikuwa kwenye menyu ya laini, huko mambo ya vyeti vya intaneti hayakutuhusu. Leo kila kitu kinahamia kwenye apu. Apu ya M-Pesa ilikuja 2021. Serikali ilitangaza 2023 kwamba zaidi ya huduma 5,000 ziko eCitizen, na zinalipiwa paybill moja, 222222. Bima ya afya ya SHA tangu Oktoba 2024 unajisajili kwa mtandao. Ongeza apu za mkopo, za kubeti, za sacco, za chama. Kila apu mpya ni geti jipya, na kila geti lina askari wake. Nani amewapima?

NILICHOKIONA MWENYEWE

Mwaka jana nilijaribu apu tatu nilizokuwa nazo kwenye simu. Simu yangu, akaunti yangu, waifai yangu ya nyumbani, laptopu yangu katikati ikitoa cheti nilichojitilia saini mwenyewe. Cheti cha mzee wa mtaa, kwa kifupi.

Ya kwanza ilikataa ikasema hakuna mtandao. Safi. Ya pili ikakataa ikajifunga kabisa. Safi zaidi. Ya tatu, apu ya mkopo ambayo jina sitalitaja, iliendelea kama kawaida. Kwenye laptopu nikaona namba yangu ya kitambulisho, namba ya simu, na deni langu, vyote vimeandikwa wazi kama menyu ya hoteli.

Nikazima hapohapo, nikawaandikia kwa adabu, nikaeleza hatua kwa hatua. Jibu: "Ndugu mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Data yako iko salama." Siku mbili baadaye nikapigiwa simu. Hawakuuliza nimefanyaje. Waliuliza, "Umetumwa na nani?"

Nililipa deni, nikafuta akaunti. Lakini kuna mtu hapa mtaani, mama wa duka, bado anaitumia, na sina namna ya kumweleza haya akanielewa bila kuonekana ninamtisha.

"LAKINI WIZI WA KENYA SI HUO"

Najua mtaandika hivyo kwenye komenti, na mna haki. Wizi mwingi hapa ni wa simu ya uongo: "Hello, naitwa fulani kutoka kastoma kea, kuna pesa imeingia kimakosa." Au laini yako inahamishwa bila wewe kujua. Hakuna mwizi wa aina hiyo anayehangaika na vyeti.

Ila angalia tofauti. Kwenye simu ya uongo, wewe una nafasi ya kujilinda. Unaweza kukata. Unaweza kukataa kutoa namba ya siri, na tumeambiwa hivyo mpaka tumechoka kusikia. Kwenye cheti huna nafasi hiyo. Ndani ya apu hakuna ile kufuli ya juu ya brauza, hakuna onyo jekundu, hakuna cha kubonyeza. Apu inaamua peke yake gizani. Nyanya yako hawezi kuwa makini, na wewe hata ukiwa na digrii tano huwezi kuwa makini, kwa sababu hamna kitu cha kutazama. Kwa hivyo mzigo huo ni wa mtengenezaji asilimia mia, wala hawezi kutuletea mabango ya "kaa chonjo".

Mwingine atasema: sisi tunatumia bando, nani atakaa katikati? Sawa, lakini si kila siku. Kuna waifai ya chuo, ya hoteli, ya stendi. Serikali imeahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma, masokoni na kwingine. Na kuna ile waifai ya mtaani, jamaa ameweka rauta juu ya paa anatuuzia vocha. Namheshimu sana, anatusaidia kuliko kampuni kubwa. Lakini kwa kazi yake yuko katikati, kila neno lako linapita kwake. Cheti kipo ili usilazimike kumwamini yeye, wala aliyemwibia nywila ya rauta.

JARIBU SASA HIVI

Fungua brauza ya simu yako, uandike expired.badssl.com. Ni ukurasa uliotengenezwa na wahandisi makusudi kwa majaribio, hauna madhara. Cheti chake kimeisha muda. Brauza itakuzuia. Kisha jaribu wrong.host.badssl.com, cheti chenye jina lisilolingana. Kisha self-signed.badssl.com, cheti kilichojitilia saini chenyewe. Mara tatu utaona brauza ikisema hapana.

Hicho ulichokiona ndicho kila apu ya pesa ingepaswa kufanya. Sasa jaribu kufanya hivyo kwa apu yako ya mkopo. Huwezi, hakuna mahali pa kuandika. Ndiyo maana nasema jambo hili haliwezi kuachiwa mteja.

KWA NINI WANAOWEZA WANANYAMAZA

Tezo, Mtondia, Kibaoni, mpaka Pwani University, kuna vijana wanaojua kompyuta kuliko unavyodhani. Wengine wako chuoni, wengine tulitoka. Wakikuta mwanya, wananyamaza. Kwa nini? Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria nzuri kwa mwizi. Lakini kijana aliyejaribu simu yake mwenyewe hajui mstari uko wapi, na hana wakili. Anaona bora anyamaze. Wa kuuza mwanya gizani hanyamazi, huyo ana soko.

Na mimi sikuambii uende ukapime seva za watu. Usiguse kisicho chako. Simu yako, akaunti yako, mtandao wako, basi, na ukishaona tatizo simama.

Ninachotaka ni hiki.

Moja: Benki Kuu, ambayo tangu kanuni za 2022 ndiyo inayowapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, iuweke mtihani wa kukataa ndani ya masharti ya leseni, na iandike wazi. Cheti kilichoisha, jina lisilolingana, mtoaji asiye na mamlaka, saini mbovu, tarehe zilizopinduliwa. Apu ikikubali hata kimoja, irudi nyumbani.

Pili: kila kampuni iweke mahali pa kupokea taarifa za mianya, na iahidi kwa maandishi kwamba mtu aliyejaribu kwa nia njema kwenye akaunti yake hatapelekwa polisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa kampuni saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data baada ya kugundua uvujaji. Nzuri, lakini hiyo ni baada ya maji kumwagika. Sisi tunataka wa kusema ndoo ina tundu.

Tatu: vyuo vyetu na taasisi za ufundi ziwape wanafunzi kazi hii. Watengeneze seva yao, vyeti vyao vibovu, apu yao, waone inavyokubali, kisha wairekebishe. Haihitaji maabara ya mamilioni. Laptopu moja na simu ya zamani zinatosha, na zana zenyewe ni za bure.

Nne, na hii ni yako wewe: uliza. Mzazi wako ni mwanachama wa sacco? Mkutano mkuu ukifika, ana haki ya kusimama na kuuliza. Nimeandika ujumbe hapa chini. Nakili, tuma kwa kila apu inayoshika pesa yako:

"Habari. Mimi ni mteja wenu. Naomba kujua: apu yenu imewahi kujaribiwa kwa vyeti vibovu, yaani vilivyoisha muda, vyenye jina lisilolingana, na vilivyotolewa na mtoaji asiyetambulika? Jaribio la mwisho lilifanywa lini, na lilifanywa na nani? Nikigundua mwanya, nimwandikie nani?"

Wakijibu vizuri, wasifu, tuwape maua yao. Wakikujibu "data yako iko salama", piga skrinshoti, ficha namba zako, uilete hapa kwenye komenti tuione. Nitakusanya majibu wiki mbili, halafu tutayaweka hapa, mazuri na mabaya, bila matusi.

Haya, tuma kwanza, laiki baadaye.